Mdahalo wa Lenzi: Nani Anailisha Seli Isiyofikiwa na Damu?

Lenzi ya jicho haina mshipa wa damu hata mmoja. Mtoto akiwa tumboni, mishipa midogo huizunguka na kuilisha. Kabla hajazaliwa hunyauka na kutoweka, maana damu ingeziba mwanga. Tangu hapo seli za katikati ya lenzi huishi kwa kupitishiwa vitu na jirani zao. Vijia vinavyotumika kupitishiana vimejulikana kwa miongo kadhaa. Ugomvi umebaki kwenye jambo jingine: kinachosukuma mzigo ndani ya vijia hivyo ni nini? Mwaka 2010 jarida la Investigative Ophthalmology & Visual Science lilichapisha makala mbili zinazopingana waziwazi. Donaldson, Musil na Mathias walikuwa upande wa kutetea. Beebe na Truscott walikuwa upande wa kupinga.

Nimeuleta ugomvi huo kwenye mdahalo wa kwetu, kama ile tuliyoizoea shuleni. Mwenyekiti ni mimi. Wasemaji ni wa kubuni na maneno ni yao, ila majaribio wanayoyataja yalifanyika kweli. Hoja iliyo mezani inasema: *Lenzi ya jicho ina mzunguko wake yenyewe wa maji, unaopita kwenye vijia vya seli kwa seli.*

MWALIMU WA FIZIOLOJIA (mtetezi): Mheshimiwa Mwenyekiti, mheshimiwa mpinzani, wasikilizaji. Kwanza tuijue lenzi yenyewe. Ya mtu mzima ina upana wa karibu milimita 9 hadi 10. Upande wa mbele imefunikwa na tabaka moja tu la seli, na hizo zina kila kitu: kiini, mitokondria, pampu za chumvi. Pembezoni mwake, kwenye mzingo, seli hizo hugawanyika, hurefuka na kugeuka nyuzi. Uzi unapokomaa unabomoa kiini chake, unabomoa mitokondria, unaondoa chochote kinachoweza kutawanya mwanga. Kinachobaki ni kifuko kirefu, chembamba, kilichojaa protini ziitwazo kristalini. Kisha uzi huo hautupwi kamwe. Ngozi hubanduka, utumbo hujivua, damu hubadilishwa. Lenzi yenyewe huongeza nyuzi mpya juu ya zile za zamani. Katikati ya jicho langu, na nywele hizi nyeupe, zimo seli nilizokuja nazo duniani.

DAKTARI WA MACHO (mpinzani): Taarifa, Mwenyekiti!

MWENYEKITI: Mwalimu, unaipokea taarifa?

MWALIMU: Naipokea.

DAKTARI: Namwongezea tu ushahidi. Mwaka 2008 watafiti wa Denmark walipima kaboni-14 kwenye kristalini za watu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalijaza kaboni hiyo hewani, ikaingia kwenye chakula chetu sote. Kiasi walichokikuta katikati ya lenzi kililingana na kile cha hewa ya wakati mwenye jicho alipozaliwa. Protini hizo hazikuwahi kubadilishwa. Sasa Mwalimu aendelee, nami nitautumia ushahidi huu dhidi yake.

(Kwa njia hiyohiyo, mwaka 2016, papa wa Greenland walipimwa lenzi zao. Mkubwa kuliko wote alikadiriwa kuwa na miaka 392, na wapimaji wakakiri kwamba wanaweza kuwa wamekosea kwa miaka 120 juu au chini. Hata ukimpunguzia yote hiyo, jicho lake lilikuwa limeona bahari kabla ya Sayyid Said kuja kukaa Unguja. Nasema tu, turudi kwenye hoja.)

MWALIMU: Nashukuru kwa silaha, hata kama utanichoma nayo. Sasa, seli isiyo na mitokondria wala kiini, iliyo milimita kadhaa kutoka kwenye maji ya jicho, itapataje sukari? Itapata wapi glutathioni ya kuizuia isichakae? Na uchafu wake utautoa nani? Jibu ni vijia. Utando wa seli moja una vikundi vya protini sita sita zilizojipanga duara na kuacha tundu katikati. Seli ya jirani nayo ina sita zake. Maduara mawili yanapokutana uso kwa uso, protini kumi na mbili zinaunda kijia kimoja kinachotoka ndani ya seli hii hadi ndani ya ile, bila kumwagia nje hata tone. Protini hizo ni koneksini. Za lenzi ni tatu hasa: koneksini 43 na 50 kwenye tabaka la mbele, 46 na 50 kwenye nyuzi. Namba hizo ni uzito wake katika kilodaltoni. Kijia hupitisha ioni, sukari, asidi amino, glutathioni, vitu vyepesi visivyozidi kama daltoni 1,000. Protini hazipiti. Mwaka 2018 jarida la Nature lilitoa picha ya vijia hivi kwa hadubini ya elektroni, kazi ya maabara iliyoko Portland, Oregon, na lenzi walizozitumia zilikuwa za kondoo.

DAKTARI: Kondoo nawakubali. Vijia navikubali. Mpaka hapo hakuna mdahalo.

MWALIMU: Basi huu hapa. Pampu za sodiamu zimejazana kwenye seli za juujuu, hasa pembezoni, kwenye mzingo. Katikati ni kama hakuna. Kwa hiyo sodiamu inaingia kwenye lenzi kwa njia ya mianya iliyo *kati* ya seli, zaidi kwenye ncha ya mbele na ncha ya nyuma. Inazama hadi ndani, inapenya kwenye nyuzi, halafu inarudi nje ikipita *ndani* ya seli, kijia kwa kijia, hadi kwenye mzingo ambako pampu inaitupa nje. Na vijia vyenye uwezo mkubwa wa kupitisha viko hukohuko kwenye mzingo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Robinson na Patterson waliizungushia lenzi kipima-umeme kinachotetemeka, wakaona mkondo unaingia kwenye ncha mbili na kutoka kwenye mzingo. Mathias na Rae wakaandika hesabu yake. Sodiamu ikitembea, maji hufuata. Maji yakitembea, hubeba chakula. Lenzi imejitengenezea moyo bila msuli.

(Makofi ukumbini. Nimewaomba wapunguze.)

DAKTARI: Mheshimiwa Mwenyekiti, sentensi ile ya mwisho ni nzuri mno, na ndiyo inayonitia wasiwasi. Mwalimu ametuonyesha umeme, akatuuzia maji. Robinson na Patterson walipima mkondo wa umeme *nje* ya lenzi. Hawakuona tone la maji likipita ndani. Hesabu ya Mathias ni ya kuvutia, lakini hesabu hufuata dhana uliyoiweka mwanzo. Mimi nasema vijia vyenyewe vinatosha. Chochote kilicho kingi huku na kichache kule kitasambaa chenyewe, seli kwa seli, bila kusukumwa. Ni kama kupokezana matofali kwenye msaragambo: huhitaji mto wa kuyabeba, unahitaji mikono iliyopangana.

MWALIMU: Msaragambo una watu wanaotoa jasho, Daktari. Tofali haliendi lenyewe. Kusambaa kunatosha kwa umbali wa seli chache. Ukiongeza umbali mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Kwenye lenzi ya binadamu huo ni muda mrefu.

DAKTARI: Na seli ya katikati inahitaji kidogo. Imetupa mitokondria, haijengi protini mpya, kaboni-14 imetuambia hivyo. Mgeni asiyekula hupikiwi ugali wa watu kumi. Halafu niongeze hili, Mwenyekiti, kwa sababu fani yetu inasahau haraka. Kwa miaka mingi protini iliyo nyingi kuliko zote kwenye utando wa nyuzi ilidhaniwa kuwa ndiyo inayojenga vijia hivi. Watu waliichora, wakaitetea. Baadaye ikaonekana ni mfereji wa maji, leo inaitwa akwaporini 0, na vijia vinajengwa na protini nyingine kabisa. Kwa hiyo mtu akinichorea mishale inayozunguka vizuri kitabuni, namuuliza: umeipima?

Hapa Daktari alikuwa anaongoza, kwa maoni yangu. Mwaka 2010, ugomvi ulipochapishwa, mtu mwenye tahadhari angeweza kukaa upande wake bila aibu. Kilichofuata mwaka uliofuata ndicho kilichobadilisha hesabu.

MWALIMU: Imepimwa. Kama maji yanasukumwa kutoka katikati kwenda nje kupitia vijia vyembamba hivyo, lazima katikati kuwe na shinikizo kubwa. Mwaka 2011 kundi la Mathias lilichoma sindano za kioo, nyembamba mno, kwenye lenzi za panya, wakapima shinikizo ndani ya seli zenyewe. Juujuu lilikuwa sifuri. Katikati lilikuwa takriban milimita 330 za zebaki. Daktari, presha ya kawaida ya jicho ni ngapi?

DAKTARI: Kati ya 10 na 21.

MWALIMU: Basi katikati ya lenzi ni zaidi ya mara 15 ya hiyo. Na hawakuishia hapo. Walikuwa na panya waliobadilishwa jeni, wengine wenye vijia vingi, wengine vichache. Vijia vikipungua, shinikizo linapanda. Vikiongezeka, linashuka, kama inavyotakiwa pale maji yanapolazimishwa kupita. Walipouzuia mzunguko wa sodiamu, shinikizo la katikati liliisha. Walipoupunguza, lilishuka kwa kiasi hichohicho. Mwaka 2013 wakapima panya wadogo, panya wakubwa, sungura na mbwa. Lenzi zinatofautiana mno kwa ukubwa, shinikizo la katikati likawa karibu sawa. Kitu kinachosambaa chenyewe hakijengi shinikizo la namna hiyo. Na mwaka 2018 Vaghefi na Donaldson, huko New Zealand, walitumia MRI kwenye lenzi za ng'ombe, wakaona dawa ya kung'arisha picha inafika katikati mapema kuliko ambavyo kusambaa peke yake kungeifikisha.

MWENYEKITI: Daktari?

DAKTARI: Shinikizo nalipokea. Sitabishana na sindano. Ila tuangalie mdahalo huu ni wa nani. Panya anaishi miaka miwili hivi. Mimi wagonjwa wangu wana miaka 65, 70, 80. Mwaka 1998 Sweeney na Truscott walichukua lenzi za binadamu zisizo na ugonjwa, za vijana na za wazee, wakafuatilia glutathioni inavyoingia ndani. Kwenye lenzi za wazee ilikwama njiani. Kuna kizuizi kinachojitokeza kwenye umri wa kati, baina ya gamba la nje la lenzi na kiini chake cha ndani. Nyuma ya kizuizi hicho glutathioni inapungua, kristalini zinachakaa, zinashikamana, zinabadilika rangi. Hapo ndipo mtoto wa jicho wa uzeeni, yule wa katikati ya lenzi, anapoanzia. Mwalimu anaeleza vizuri jinsi lenzi changa inavyoishi. Mimi nataka kujua kwa nini lenzi ya bibi yangu iliziba wakati vijia vyote alikuwa navyo.

MWALIMU: Hilo halipingani na hoja. Mzunguko ukidhoofika, kizuizi hutokea.

DAKTARI: Au kizuizi kikitokea, mzunguko hudhoofika. Usinipe yai kabla ya kuku, Mwalimu.

Mwenyekiti hapaswi kuwa na upande, lakini mwandishi anaruhusiwa. Kwa mnyama mwenye lenzi changa, mzunguko upo. Namba za 2011 na picha za MRI ni vigumu kuzieleza kwa namna nyingine. Daktari lakini amegusa palipo na uzito: kuwa na mzunguko na kuugua kwa sababu ya kukosa mzunguko ni madai mawili. Nimesoma makala nyingi zinazoruka kutoka la kwanza hadi la pili kana kwamba katikati hakuna shimo. Mkono ulikuwa umeinuliwa nyuma ya ukumbi kwa muda mrefu.

MWANAFUNZI WA UDAKTARI: Shikamooni. Swali langu ni kwa wote wawili. Kama kazi ya kijia ni kupitisha vitu tu, kwa nini nyuzi zina koneksini mbili? Si moja ingetosha?

MWALIMU: Marahaba. Swali hilo lilifanyiwa kazi kwa panya, hatua kwa hatua. Mwaka 1997 wakaondoa jeni ya koneksini 46. Panya walizaliwa na lenzi za ukubwa wa kawaida, kisha katikati ikapata ukungu: kalsiamu inajazana pale bila njia ya kutoka, inaamsha vimeng'enya vinavyokatakata kristalini. Mwaka 1998 wakaondoa koneksini 50. Hapa ukungu ulikuwepo, ila ajabu ilikuwa nyingine: lenzi zilikuwa ndogo, na macho madogo.

MWANAFUNZI: Kwa hiyo 46 inalinda uangavu, 50 inakuza?

MWALIMU: Subiri utamu wenyewe. Mwaka 2002 Thomas White alitoa jeni ya 50, na mahali pake palepale akaweka ya 46. Vijia vikarudi, ila vyote vya aina moja. Lenzi ikawa angavu, safi kabisa. Lakini ikabaki ndogo.

DAKTARI: Hilo jaribio nalipenda kuliko yote uliyotaja leo, na wala halihusu mzunguko wako. Uangavu hauchagui koneksini ipi, ukuaji unachagua. Maana yake kinachopita kwenye kijia cha 50, au namna kinavyopita, kinaziambia seli za mzingo zigawanyike. Hapo ndipo neno "mawasiliano" linapata haki yake. Tumetumia jioni nzima kuzungumzia chakula na uchafu, kumbe seli zinaambizana jambo.

MWALIMU: Kinachopita ni nini?

DAKTARI: Ukinijibu wewe, nitapiga kura upande wako.

(Kicheko. Mwanafunzi aliandika kitu kwenye daftari lake na kukipigia mstari.)

MUUGUZI WA KLINIKI YA MACHO: Mwenyekiti, mimi sina hoja ya panya. Kila wiki naletewa watu wametiliwa matone ya kununua sokoni, wameambiwa yanayeyusha mtoto wa jicho. Nikisikia hapa vijia, kizuizi, glutathioni, nauliza: kuna tone la kufungua kizuizi hicho?

DAKTARI: Hakuna. Si sokoni, si famasi, si Ulaya. Wanaolitafuta ni watu makini, na utafiti wa mzunguko huu ni mojawapo ya sababu wanazotoa za kulitafuta. Lakini mgonjwa aliye mbele yako leo dawa yake ni upasuaji: lenzi iliyoziba inatolewa, kifuko chake kinaachwa, inawekwa ya bandia. Haina koneksini hata moja, wala haihitaji.

MWALIMU: Nakubaliana na hilo bila sharti.

MUUGUZI: Na wale watoto? Wanaozaliwa na ukungu tayari. Wengine wanasema mama alirogwa, wengine alitazama kitu kibaya akiwa mjamzito.

DAKTARI: Kwa watoto sababu ni nyingi, rubela kwa mama mjamzito ni mojawapo, na ina chanjo. Lakini baadhi yao ni habari ya vijia moja kwa moja. Kulikuwa na ukoo wa Uingereza wenye ukungu wa namna ya unga kwenye lenzi, unaorithiwa kizazi hadi kizazi. Mwaka 1963 Renwick na Lawler waligundua kwamba ugonjwa huo unasafiri pamoja na kundi la damu la Duffy.

MWANAFUNZI: Duffy ile ya malaria?

DAKTARI: Hiyohiyo. Wengi wetu kusini mwa Sahara hatuna Duffy kwenye chembe nyekundu, ndiyo maana malaria ya vivax hutusumbua kidogo. Mwaka 1968 Roger Donahue akaonyesha kwamba jeni ya Duffy imekaa kwenye kromosomu namba 1. Aliliona hilo kwa sababu kromosomu namba 1 yake mwenyewe ilikuwa na umbo lisilo la kawaida, na jamaa zake pia. Basi ukungu wa ukoo ule nao ukajulikana kuwa huko. Ikachukua miaka 30 tena: mwaka 1998 Alan Shiels na wenzake waliikuta kasoro yenyewe kwenye ukoo huo. Ni jeni ya koneksini 50. Asidi amino ya 88, prolini, imebadilishwa na serini. Herufi moja, na kijia hakipitishi.

MWALIMU: Na kibaya zaidi, koneksini yenye kasoro hujichanganya na nzima katika duara lilelile, ikaiharibu. Ndiyo maana nakala moja mbovu kutoka kwa mzazi mmoja inatosha.

MUUGUZI: Kwa hiyo mzazi mmoja akiwa nayo?

DAKTARI: Kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Mtoto akija kliniki na ukungu wa macho yote mawili, usimwandikie tarehe ya upasuaji ukaishia hapo. Aje haraka, kwa sababu ubongo wa mtoto usiopata picha miezi ya mwanzo haujifunzi kuona hata ukimwekea lenzi nzuri baadaye. Na waite ndugu zake wote, tuwaangalie mboni zikiwa zimepanuliwa kwa dawa.

MUUGUZI: Hata wanaoona vizuri?

DAKTARI: Hata hao. Na baba na mama pia. Nimewahi kukuta doa dogo la unga kwenye lenzi ya baba mwenye miaka 40, haoni shida yoyote, anaendesha lori, na mwanawe amekaa mapajani haufuati mwanga wa tochi kwa macho.